Mkono wa Zeferino

Baba yangu, Belmiro Quintela, hakujua kusoma wala kuandika, lakini ukimwonyesha jani moja la mzabibu alikutajia ukoo wake wote, na kama ulikuwa umemchosha, alikutajia na wako. Alikuwa mbebeshaji. Katika bonde letu la Douro kila mzabibu unasimama juu ya mizizi ya kigeni, kwa sababu zamani za mababu mdudu alikula mizizi yote ya kwetu, ikaletwa mizabibu mwitu kutoka Amerika ambayo mdudu huyo haiwezi. Mzabibu mwitu hauzai kitu cha maana. Lazima mtu aukate karibu na ardhi, aupasue shina, achomeke kikonyo cha mzabibu mtamu, afunge, kisha afukie kwa udongo mpaka machipukizi yajitokeze yenyewe. Mtu huyo alikuwa Baba, na kuanzia Februari mpaka mwisho wa Machi alitafutwa kama mkunga.

Watu wa mjini hudhani mvinyo mwekundu huchanganywa na mabwana wenye makoti meupe, kwenye meza yenye vioo. Wa kwetu ulichanganywa na Baba akiwa amepiga magoti kwenye mawe. Alibeba gunia lenye unyevu mgongoni, ndani yake vikonyo vya aina ishirini. Akifika kwenye shina alitazama jua linapita wapi, alitazama udongo, alitazama jirani wa shina lile ni nani, ndipo akachomoa. Hapa Touriga, uzito wa mvinyo. Hapa Sousão, ya kutia rangi. Hapa Rufete, kwa ajili ya harufu. Hapa Bastardo, tamu mno hata ndege huimaliza kabla yetu. "Ndege nao wana watoto," alisema. Septemba ikifika, zabibu zote zilichumwa siku moja, zilizoiva sana na zilizoiva kidogo, zikamwagwa kwenye hodhi moja la mawe, nasi tukazikanyaga kwa miguu, tumeshikana mabega, mpaka mapaja yakageuka zambarau. Zabibu za mashamba makubwa zilikwenda kwenye mvinyo mtamu wa Porto. Za kwetu zilikuwa mvinyo wa mezani tu, mweusi, mkavu, wa kuteremshia supu ya kabichi. Lakini ulikuwa mzuri, na anayebisha hakuunywa.

"Mvinyo wa zabibu moja ni nyumba ya mtu mmoja," Baba alikuwa akisema. "Ataongea na nani?"

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliirudia kwa wenye mashamba, kwa vibarua, kwa sisi watoto: ukishafukia, ondoka. Usichungulie. Kovu bichi halitaki macho. Kikonyo kinaposhikana na shina, mahali pale ni laini kama ute wa yai. Ukifukua kutazama, umekwisha kukivunja. Niliwahi kumwona akimfukuza mwenye shamba kwenye shamba lake mwenyewe kwa sababu aligusa kwa fimbo udongo uliofukia kikonyo.

Jambo jingine la kujua juu yake ni kwamba alipenda kushinda. Ng'ambo ya mto aliishi mbebeshaji mwingine, Germano, na hao wawili walihesabiana kila mwaka: kati ya mia, vingapi vimeshika? Themanini ulikuwa mwaka mzuri. Themanini na tano, Baba alinunulia kilabu kizima kinywaji. Walipokutana walisalimiana kwa upole mwingi, kila mmoja akimwombea mwenzake ukame.

Kaka yangu Zeferino alinizidi miaka mitatu. Alikuwa mtu wa kucheka, mpiga gitaa, na Baba alimwona mvivu kwa sababu hakuwahi kutoka jasho. Mimi niliyemwona kwa karibu nasema hakuwa mvivu. Alikuwa na mkono mwepesi. Alichonga kikonyo mara mbili tu kwa kisu, pande mbili, kimekwisha, wakati Baba angechonga mara tano.

Mwaka 1970 akaitwa jeshini. Kila mtu alijua maana yake: miezi michache ya kambi, kisha meli, kisha vita vya Afrika. Ilikuwa Machi. Shamba letu lina ngazi tisa zilizojengwa kwa mawe mlimani, na ngazi ya juu kabisa ilikuwa imepandwa mashina mwitu mwaka uliotangulia, mia moja na ishirini, yanangoja kubebeshwa.

"Ngazi ya juu niachie mimi," Zeferino alimwambia Baba mezani.

"Ukabebeshe nini wewe? Hata kunoa kisu hujui."

"Niachie tu, Mzee. Nikirudi na mguu mmoja usije ukasema sikuwahi kufanya kitu."

"Funga domo lako. Unamtia mama yako homa."

Mama, Etelvina, alikuwa mtu wa maneno machache. "Mwachie, Belmiro," alisema. "Mashina mia na ishirini si ufalme."

Zeferino alifanya kazi siku nne, na hakuruhusu mtu apande kule. Vikonyo alivikata mwenyewe kwenye mashamba ya watu, huku na huku, akavifunga kwenye gunia, akavificha zizini kwa punda. Siku ya nne Baba alishindwa kuvumilia.

"Umeweka zipi?"

"Nilizoweka."

"Touriga ngapi?"

"Ngoja majani, Mzee. Si wewe uliyetufundisha?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Baba naye alicheka, lakini alicheka kwa meno tu. Najua sasa kwamba hakulala vizuri tangu siku ile. Mtu aliyechanganya mvinyo wa bonde zima kwa miaka thelathini alikuwa na mchanganyiko nyumbani kwake asioujua.

Nilimsindikiza Zeferino kituo cha treni. "Mwaka wa pili vitatoa vichala vya kwanza," aliniambia. "Wanajeshi hupewa likizo baada ya mwaka. Nitakuja Septemba ile, nitachuma mwenyewe, nitakanyaga mwenyewe. Utakuwa mvinyo wangu, Idalina. Siyo wa Baba. Wangu."

"Na ukiwa mbaya?"

"Utaunywa wewe."

Mei ikafika. Vikonyo vya Baba kwenye ngazi za chini vilikuwa vimechipua, vidole viwili, vitatu. Ngazi ya juu kulikuwa kimya. Hilo halikuwa jambo la kushangaza: kule juu kuna baridi, na kulibebeshwa mwisho. Hata mimi nilijua ni kungoja wiki mbili tatu. Lakini Baba alianza kupanda kule kila asubuhi na kijembe kidogo. Alisema anatengeneza ukuta. Alirudi na matope magotini, haongei, anakula bila kuinua uso. Ilikuwa siku kumi hivi. Siku ya mwisho, tukiwa tunakula samaki mkavu na viazi, akasema:

"Vya kule juu havikushika."

"Vingapi?" Mama aliuliza.

"Hata kimoja."

Mama aliweka kijiko chini. "Haiwezekani. Mtoto yule ana mkono mwepesi."

"Mwepesi wa gitaa."

Kisha akaniambia nilete karatasi nimwandikie Zeferino. Kati ya tuliobaki nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, miaka minne ya shule, nilitosha.

"Usimwandikie mtoto aliye kambini mambo hayo," Mama alisema.

"Mwanamume huambiwa ukweli."

Nikaandika. *Vikonyo vyako havikushika hata kimoja. Si kazi ya kila mtu.* Hayo yalikuwa maneno ya Baba, na niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Baba hakujua kusoma. Ningeweza kuandika kwamba ngazi ya juu imejaa majani, na asingejua, na Mama asingejua. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilimwogopa. Sijawahi kujisamehe kwa hilo, na sitaki mtu aniambie nijisamehe.

Jumapili ile Baba alisimulia kilabuni kwa Bi Perpétua. "Mwanangu? Mia na ishirini, sifuri." Watu wakacheka. Germano, aliyekuwa amevuka mto siku ile, alicheka kuliko wote, na Baba akamnunulia kinywaji. Ngazi ile ikaitwa Sifuri kijijini, na watoto wakaiita hivyo bila kujua jina limetoka wapi.

Jibu la Zeferino lilichelewa mpaka mwaka uliofuata, kwa sababu lilitoka Mueda, huko Afrika. Wakati ule Mueda kwangu ilikuwa muhuri kwenye barua. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni nchi ya Wamakonde, wenye mashamba yao na watoto wao, na kwamba hawakumwita kaka yangu wala mwingine yeyote. Aliandika: *Mwambie Baba nimesikia. Nilidhani angalau nusu. Basi likizo ya Septemba sitaichukua, nitamwachia mwenzangu mwenye mke mjamzito. Nije kuchuma nini? Huku kuna jamaa ana shemeji yake kiwandani Ufaransa. Nikimaliza nitakwenda moja kwa moja.*

Niliwasomea kwa sauti. Mama alichukua ile karatasi, ingawa hakuwa anajua kuisoma, akaiweka kifuani. Baba alitoka nje kwenda kumwangalia punda, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mwezi wa tisa wa mwaka 1971 ndio mwezi aliopaswa kuwa nyumbani. Tulikuwa ndani ya hodhi, tunakanyaga, padri alipoingia na mwanajeshi wa makamo aliyevua kofia. Lori alilopanda Zeferino lilikuwa limekanyaga bomu la ardhini. Mama alitoka kwenye hodhi bila kushikwa mkono, akasimama uani na miguu yake ya zambarau, akamwuliza yule mwanajeshi kama mwenye mke mjamzito alifika kwao salama. Mwanajeshi hakumwelewa.

Tangu hapo Baba alisema ngazi ya juu asiiguse mtu. Mashina mwitu yakajiotea, yakatambaa juu ya mawe, hayazai. Watu waliona ni maombolezo, wakamheshimu kwa hilo. Mimi pia nilimheshimu. Wanaume wengi walikuwa wamekimbilia Ufaransa na mikono ilipungua, kwa hiyo Baba akanifundisha mimi kazi. Vijana walinitania njiani, "Fundi, shona na suruali yangu," mpaka walipoona kazi yangu imeshika sabini kati ya mia. Nilizunguka bonde lote na gunia langu. Nilijifunza kusoma mashina kama nilivyosoma barua, na hapo ndipo Baba alipojipalia makaa, maana yeye ndiye aliyenifundisha.

Majira ya baridi ya 1985 alianguka ngazini akavunjika mguu. Akawa mtu wa kukaa jikoni karibu na moto. Mwezi Machi Mama akaniambia, "Idalina, nenda kabebeshe kule juu. Nimechoka kuona mwitu. Nataka ninywe mvinyo wa pale kabla sijafa. Usimwulize."

Nikapanda. Mashina yalikuwa yamenenepa, na ili ubebeshe shina nene lazima uchimbe hadi chini kabisa ukate kwa msumeno. Nikachimba la kwanza. Pale chini, ndani ya gome, nikakuta mkato wa zamani wa Zeferino, pande mbili, safi. Katikati ya mkato kulikuwa na kisiki cha kikonyo chake.

Nieleze hapa, kwa asiye wa kazi hii. Kikonyo kisichoshika hukauka, hujitenga, na baada ya miaka ukikigusa hutoka chenyewe, kama jino bovu. Kilichoshika huwa kitu kimoja na shina, nyama kwa nyama, huwezi kukitoa ila kwa patasi. Hiki kilikuwa kimeshika, na juu kidogo ya mahali kiliposhikana kilikuwa kimevunjwa.

Nikachimba la pili, la tatu. Nilichimba mpaka adhuhuri, mashina arobaini. Yote vilevile. Nilikaa chini kwenye mawe na kisu changu mkononi, nikamlilia kaka yangu upya, miaka kumi na minne baada ya kwisha kumlilia.

Mama alikuwa ameenda kufua. Nilimkuta Baba peke yake, anamenya chestnati kavu, zile kokwa za miti ya mlimani.

"Nani alifukua vikonyo vya Zeferino?"

Hakuinua uso. "Umekwenda juu."

"Nimekuuliza."

Alimenya moja mpaka ikaisha, akaiweka bakulini. "Nilitaka kujua ameweka zipi," alisema. "Basi. Si zaidi ya hapo. Nikafukua kimoja. Nikakuta kimeshika, cheupe, kina unyevu. Kikavunjika mkononi. Nikasema, bahati yake. Nikafukua cha pili, kimeshika. Cha tatu. Idalina, mimi kwa umri wake nilipata nusu. Germano hata nusu hakupata."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea nikitafuta kilichokufa. Siku kumi. Nilipata viwili. Mia moja na kumi na vinane vilikuwa vimeshika."

"Ukavivunja vyote."

"Sikukusudia," alisema. Mikono yake ilisimama. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Vya mwanzo."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa na matusi ya kutosha, kijiji chetu hakikosi. Lakini alikuwa mzee mwenye mguu uliofungwa vijiti, na nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja, jambo ambalo linachosha kuliko kuchimba.

"Jioni hii utamwambia Mama," nilisema. "Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi sitamtafutia maneno laini."

Alimwambia kabla ya supu. Aliyasema yote, hata lile la mwisho, sikutegemea. Mama alimsikiliza mikono imelala juu ya meza. Nilidhani angepiga kelele. Nilitamani apige.

"Alikuwa ameweka zipi?" aliuliza.

"Sijui, Etelvina."

"Umefukua mia na ishirini na hujui?"

"Kijiti cha urefu wa vidole viwili, kimejaa matope. Bila jani sijui. Nilivivunja kabla ya jani."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. Kijiti kimoja cha Sousão au cha Rufete, kilichokatwa shamba la nani, na kwa nini pale na si hapa. Mtu pekee aliyejua alikuwa amezikwa na yote hayo kichwani. Mvinyo aliokuwa ameupanga hautakanyagwa na yeyote.

"Kwa hiyo mwanangu alikufa akijiona hajui kitu," Mama alisema.

Baba alivuta fimbo yake karibu, akataka kusimama.

"Jumapili utasema kilabuni. Palepale ulipowachekesha."

"Wengi wamekufa, Etelvina. Wengine wako Ufaransa."

"Waliobaki watatosha."

Jumapili nilimshika Baba mkono mpaka kwa Bi Perpétua, yeye na fimbo yake, hatua kwa hatua. Ndani kulikuwa na wanaume tisa au kumi, wengi wazee. Germano alikuwemo, mkewe alikuwa amefariki, na siku hizo alivuka mto kila Jumapili. Wakamsogezea Baba kiti. Hakukaa.

"Vile vikonyo vya mwanangu," alisema, "vilishika. Mia moja na kumi na vinane. Nilivifukua mimi. Nilivivunja mimi, nikamwandikia kwamba havikushika."

Mtu mmoja alicheka kwa makosa, akidhani ni mzaha unaanza, akanyamaza. Bi Perpétua aliacha kufuta glasi. Nilimwona Germano akitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyofanya kazi kama ya Baba miaka hamsini, na kwa mara ya kwanza sikuona ushindani usoni mwake.

"Kati ya mia na ishirini?" aliuliza.

"Kati ya mia na ishirini."

"Katika maisha yangu yote sijawahi kufika hapo, Belmiro."

"Wala mimi," Baba alisema.

Mama alikuwa amesimama nje ya mlango, kwa kuwa wanawake hatukuwa na desturi ya kuingia mle, na hata mimi siku ile niliingia kwa ajili ya kumshika Baba tu. Aliposikia hivyo alijifunika shali yake, akarudi nyumbani peke yake.